Mtumbwi wa Nyumba ya Mungu si wa mvuvi peke yake

Hapa Moshi, perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu hutufikia akiwa tayari ni kitoweo. Tunamkuta sokoni Mbuyuni juu ya sinia, amekaangwa hadi mapezi yamekauka, tunapatana bei na mama anayemuuza, tunafungiwa na kuondoka. Katika mazungumzo yetu ya mjini bwawa hilo hutajwa kwa mambo matatu tu: samaki, umeme na mafuriko. Mtumbwi uliomleta samaki huyo nchi kavu hautajwi, na ukitajwa huhesabiwa kuwa zana, sawa na wavu au ndoana, yaani kitu cha mwanamume mmoja anayeitwa mvuvi. Naandika kupinga mazoea hayo. Ninaamini kwamba mtumbwi wa Nyumba ya Mungu ni mali ya kaya nzima na usafiri wa kaya nzima, na kwamba makosa mengi tunayoyafanya katika kulisimamia bwawa, kuanzia namna tunavyolifunga hadi namna tunavyoandika leseni, yanatokana na kuuona mtumbwi huo kuwa chombo cha kuvulia samaki na si kingine.

Kwa msomaji ambaye hajafika huko, bwawa hilo lipo kusini mwa mji wetu, katika tambarare kavu iliyo nyuma ya Milima ya Upare, mahali ambapo mvua ni haba na vumbi ni jingi. Lilijengwa miaka ya 1960 pale Mto Kikuletwa, unaokusanya maji ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, unapokutana na Mto Ruvu unaotoka upande wa Ziwa Jipe. Chini ya ukuta wake upo mtambo wa umeme wa megawati 8, na maji yakishapita hapo huwa Mto Pangani, yakaenda kuzungusha mitambo mikubwa zaidi ya Hale na Pangani kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Wilaya tatu zinaligawana: Mwanga na Moshi za Mkoa wa Kilimanjaro, na Simanjiro ya Mkoa wa Manyara. Mpaka wa mikoa hiyo miwili umechorwa majini, na watu wa pande zote mbili huuvuka kila siku kwa kafi.

Bwawa lilipojaa kwa mara ya kwanza, udongo na majani yaliyofunikwa na maji yalioza na kuwa chakula, na samaki wakaongezeka kwa kasi ambayo haikuweza kudumu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mabwawa mapya karibu yote: miaka ya mwanzo ni ya neema, kisha neema hupungua rutuba ile inapokwisha. Habari za neema zilisafiri upesi. Wakaja wavuvi kutoka maziwa mengine, watu waliojua kuchonga, kupiga kalafati na kusoma upepo, wakajenga dago kando ya maji. Wenyeji wa eneo hilo walikuwa wafugaji na wakulima, ambao mtumbwi haukuwa sehemu ya maisha yao. Wakaoana na wageni hao, na madago yakawa vijiji vyenye shule, misikiti na makanisa. Jambo hili lina maana kwa hoja yangu, kwa sababu dago ni la wanaume waliokuja kuvua na kuondoka, ilhali kijiji ni cha akina mama, watoto na wazee. Taratibu zetu za usimamizi bado zinawatazama watu wa bwawani kana kwamba wako dagoni.

Shangazi yangu aliolewa huko, upande wa Lang'ata, nilipokuwa shule ya msingi, na likizo zangu nyingi ziliishia kwake. Mume wake alikuwa na mtumbwi wa mbao, wenye nafasi ya watu sita wakikaa kwa adabu. Nikiukumbuka mtumbwi ule sasa, nikiwa mtu mzima mwenye familia, ninachokiona kwanza ni ratiba yake ya siku nzima, kwani nyavu zenyewe zilichukua sehemu ndogo tu ya siku hiyo.

Baba wa nyumba na kijana mmoja walitega nyavu jioni, wakarudi kuzivuta saa kumi na moja alfajiri. Kulipopambazuka shangazi alikuwa mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa, na beseni lake. Yeye ndiye aliyehesabu samaki, akatenga wakubwa wa kumpa mchuuzi mwenye pikipiki na tenga, akatenga wa kukaanga, na mwisho akatenga wa nyumbani. Mtumbwi ukaoshwa magamba na utelezi, na kuanzia saa tatu ukawa na kazi nyingine kabisa. Siku ya kliniki ulibeba wajawazito na wenye watoto mgongoni. Siku nyingine ulibeba mahindi ya kusaga, madumu ya maji ya kunywa yaliyotafutwa penye maji safi zaidi, au kuni kutoka ng'ambo, kwa kuwa karibu na kijiji miti ilikuwa imekwisha na samaki hakaangwi bila moto. Kulikuwa na mbuzi aliyefungwa miguu, na mara nyingine bibi harusi. Mara moja, nikiwa na umri wa kukumbuka, ulibeba jeneza, na watu wazima wawili waliketi kila upande wakilishika lisiyumbe.

Saa nane mchana upepo ulianza kuvuma na maji yakachafuka, na hapo hakuna aliyevuka isipokuwa kwa dharura. Muda huo ulikuwa wa matengenezo. Mtumbwi ulivutwa mchangani, watoto tukapewa pamba ya kushindilia kwenye maungio ya mbao, na mjomba, kama nilivyozoea kumwita mume wa shangazi, akapita nyuma yetu akikagua kwa kidole. Jioni mzunguko ukaanza upya. Ukihesabu saa, chombo kile kilitumika katika shughuli za nyumbani muda mrefu kuliko kilivyotumika katika uvuvi. Hata hivyo, kila karatasi iliyokihusu ilikitambua kwa uvuvi tu.

Hapo ndipo uchambuzi wangu unapoanzia, katika karatasi. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinataka chombo cha kuvulia kiandikishwe na leseni ilipiwe kila mwaka. Usalama wa vyombo vidogo vya majini uko chini ya mamlaka nyingine, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC. Kwa mkaguzi wa uvuvi swali ni wavu wa aina gani umo ndani na tundu lake lina upana gani. Kwa mkaguzi wa usafiri swali ni iwapo chombo kinabeba abiria kwa nauli. Mtumbwi wa shangazi ulikuwa unateleza katikati ya maswali hayo mawili, kwa sababu mama anayepelekwa kliniki na shemeji yake hatozwi nauli na pia si samaki. Watu wengi zaidi huingia katika mtumbwi kwa namna hii kuliko kwa namna yoyote ile inayoandikwa, nao ndio ambao hakuna daftari linalowahesabu.

Athari za pengo hilo zilionekana wazi wakati bwawa lilipofungwa. Katikati ya mwaka 2016 serikali ilisimamisha uvuvi Nyumba ya Mungu kwa mwaka mmoja, kwa sababu samaki walikuwa wamepungua na zana haramu zilikuwa zimeenea. Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa kuwa wapo wanaodhani kila anayeitetea familia ya mvuvi anatetea na kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota. Sababu za kufunga zilikuwa za haki. Perege dume huchimba kiota chake kwenye maji ya kina kifupi karibu na ukingo, na jike huyachukua mayai na kuyatunza mdomoni hadi vifaranga waweze kujitegemea. Kokoro linalokokotwa kwenye kina hicho hukusanya kila kitu: jike, mayai yaliyo mdomoni mwake na vifaranga wa wiki ile. Wavu wa timba nao, yaani wa nyuzi moja moja za plastiki, ukipotea majini, hauozi upesi, bali huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Bwawa lililofikia hali hiyo lilihitaji kupumzishwa, na aliyependa watoto wake wavue kesho hakuwa na sababu ya kupinga.

Hata hivyo, kilichofungwa katika maisha ya familia niliyoijua hakikuwa uvuvi tu. Kwa hofu ya kudhaniwa kuwa wanaiba samaki, waliuvuta mtumbwi mbali na maji, wakaufunika kifudifudi chini ya mgunga, wakauacha. Anayejua vyombo vya mbao atatambua maana ya uamuzi huo. Mbao zilizozoea maji huvimba na kubanana, na kubanana huko ndiko kunakoziba maungio. Zikikaa juani mwezi baada ya mwezi hunywea, maungio yakaachana, pamba ikatoka, na ubao ukapasuka kufuata nyuzi zake. Mwaka ulipokwisha, uvuvi uliruhusiwa lakini mtumbwi haukuwa wa kuingizwa majini. Na katika mwaka huo wote safari za kliniki, za kusaga na za misiba ng'ambo zilizunguka nchi kavu, kwa pikipiki, kwa gharama ambayo nyumba isiyovua haikuwa nayo. Akina mama wengine waliahirisha. Ujauzito hauahirishwi, lakini safari ya kupima ujauzito huahirishwa kwa urahisi mno pale nauli inapokosekana.

Nchi yetu imejifunza kiasi tangu wakati huo. Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa mwaka 2024, muda uliwekwa kuwa wa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka. Miezi mitatu kaya inaweza kuipangia akiba, na ubao unaweza kuivumilia. Bado nashauri jambo moja ambalo halina gharama: kila tangazo la kufunga maji liseme kwa maneno ya wazi kile ambacho mtumbwi unaruhusiwa kufanya. Kuvuka mchana bila nyavu kusiwe jambo la kukisia wala la kuomba huruma ya askari wa doria. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha kila mwalo, BMU kama kinavyojulikana, kinaweza kuandika nani kavuka, saa ngapi na kwa shughuli gani, na daftari hilo likawa msaada kwa doria yenyewe.

Jambo la pili ni watoto, nalo ni gumu zaidi. Mtoto wa bwawani hujifunza kushika kafi kabla hajajua kuandika vizuri, na wengi wetu wa mjini tukimwona tunasema ni ajira ya watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari, na katika orodha ya kazi hizo imetaja kwenda baharini. Bwawa si bahari, na mwenye kutaka kuikwepa sheria atasimama juu ya tofauti hiyo ya maneno. Mimi nasema mantiki ya sheria inafika hadi Lang'ata: mtoto wa miaka kumi na mbili hapaswi kuwa majini saa tisa usiku akivuta nyavu, kwenye maji yenye mamba na viboko, halafu saa moja na nusu asubuhi asinzie darasani. Mtu mzima anayemtuma huko anakosea, awe baba yake au mwenye nyavu aliyemwajiri.

Lakini kumkataza mtoto huyo mtumbwi kabisa ni kosa la aina nyingine. Mtoto anayeishi hatua mia moja kutoka kwenye maji ataingia majini, tukitaka tusitake. Linalobaki kwetu ni kuamua kama ataingia akiwa anajua au hajui. Nilipofundishwa mimi, nilifundishwa mchana, karibu na ukingo, mtu mzima akiwa nyuma yangu, na somo la kwanza halikuwa kupiga kafi bali kukaa chini na kutosimama ghafla. La pili lilikuwa kufua maji kwa kidumu kilichokatwa ubavuni. La tatu, ambalo shangazi alilisimamia mwenyewe, lilikuwa kwamba chombo kikipinduka usikiache ukaogelea kutafuta nchi kavu. Shikilia mbao, kwani mtumbwi wa mbao hata ukijaa maji huelea. Masomo hayo matatu yanaweza kufundishwa na shule yoyote ya msingi iliyo kando ya bwawa, na mwalimu wake anaweza kuwa mvuvi mstaafu wa kijiji hicho hicho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Huyo wa chini ya miaka mitano hayuko kazini. Yuko mgongoni mwa mama yake akivuka, au yuko ukingoni akicheza wakati mama akipaa samaki.

Nililiwaza hili kwa uchungu siku nilipokwenda na wanangu Ziwa Duluti, pale Tengeru, karibu na Arusha. Wageni hupelekwa pale kuzunguka ziwa kwa mitumbwi midogo, na kabla mtu hajagusa kafi huvishwa jaketi okozi na kufungwa mikanda yake moja baada ya nyingine. Wanangu nao walivishwa, ya kuwatosha kifuani, wakaelezwa mahali pa kukaa. Nilifurahi, kwa sababu hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kisha nikamkumbuka mtoto wa umri wao akivuka Nyumba ya Mungu kwenda kwa bibi yake Simanjiro, kwenye maji mapana kuliko ya Duluti mara nyingi, amevaa sare ya shule tu. Ziwa la starehe lina jaketi za watoto, na bwawa la riziki halina. Mvuvi akishurutishwa kununua jaketi, hununua moja au mbili za watu wazima za kumwonyesha mkaguzi, kwa kuwa kanuni inamtazama yeye na wafanyakazi wake. Jaketi la mtoto wa kilo kumi na tano halimo katika hesabu ya mtu yeyote. Ningekuwa na sauti katika bajeti ya halmashauri yoyote kati ya zile tatu, ningeanza na hizo: jaketi za watoto na za wajawazito, zitunzwe mwaloni kwa BMU, mtu aazime akivuka na kuzirudisha akirudi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni umiliki. Mapato ya mtumbwi hugawanywa kwa mafungu. Gharama zikishatolewa, kuna fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la waliovua. Fungu la chombo humwendea mwenye chombo, na kwa watu wote mwenye chombo ni yule ambaye jina lake limo kwenye leseni. Tujiulize basi chombo kilinunuliwaje. Katika nyumba ya shangazi, mbao za mtumbwi wa pili zilinunuliwa kwa fedha za samaki wa kukaanga. Wa kukaanga walikuwa wake: alinunua mafuta yeye, alikata kuni yeye, alishinda kwenye moshi yeye, na alipanda gari kuja Moshi kuwauza yeye. Fundi aliyeunganisha mbao zile alikula ugali wake siku zote za kazi. Nyavu zilipochanika, walioketi chini ya mti kuzifuma walikuwa yeye na binti zake. Leseni ilipotoka, ilikuwa na jina moja, na halikuwa lake.

Sheria zetu hazikosi msingi wa kumtetea. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjika. Na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Uamuzi huo umetumika miaka mingi katika mashauri ya nyumba na viwanja. Nauliza kwa nini hatuusikii ukitajwa mialoni. Kama kupika na kulea ni mchango katika nyumba ya matofali, basi kufuma nyavu, kukaanga samaki na kulipa mbao ni mchango katika mtumbwi, na ni mchango ambao hata hauhitaji kufafanuliwa, kwa sababu unaonekana kwa macho.

Shida ni kwamba mtumbwi si kiwanja. Nyumba haihamishwi usiku. Mtumbwi husukumwa majini saa mbili usiku, na kukicha uko ng'ambo, katika wilaya nyingine na mkoa mwingine, ukiwa umepakwa rangi mpya. Mjane anayetaka kudai haki yake huanza na swali la mahali pa kuudai, na kabla ya hapo, swali la ushahidi. Ushahidi ungekuwa ile karatasi. Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na la wazi: daftari la vyombo la kila mwalo liwe na nafasi ya majina mawili pale chombo kinapokuwa cha wanandoa, na chombo kisiuzwe wala kuhamishiwa mwalo mwingine bila wote wawili kuweka saini au dole gumba mbele ya BMU na ofisi ya kijiji. Tumezoea kumtaka mke aridhie mume anapoweka nyumba ya ndoa rehani. Sioni kwa nini chombo kinacholisha nyumba hiyo kiwe nje ya heshima hiyo.

Kuhusu mikopo nitasema kwa ufupi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fikra iliyopo ni kwamba kikundi cha wanawake bwawani kikiomba, kitaomba mafuta ya kukaangia, majiko na mtaji wa kuchuuza. Kikiomba mtumbwi, huulizwa nani atakwenda kuvua. Jibu ni kwamba wataajiri wavuvi, kama wanaume wengi wenye mitumbwi mitatu au minne wanavyoajiri bila kuulizwa na mtu. Na chombo kikiwa cha kikundi, mchana kitavusha wanachama wake kwenda kliniki.

Nimewahi kumweleza hoja hizi ofisa mmoja anayeshughulika na masuala ya maji, mtu mwenye nia njema na uzoefu mwingi. Wasiwasi wake ulikuwa kwamba tukiukubali mtumbwi kuwa usafiri wa familia, itabidi utimize masharti ya chombo cha abiria, na mitumbwi karibu yote itashindwa, tukawa tumewanyima watu hata kile kidogo walichonacho. Wasiwasi huo una uzito na siupuuzi. Lakini unachukulia kwamba tuna njia mbili tu, masharti ya boti ya abiria au kufumba macho. Kati ya hizo mbili kuna nafasi pana: idadi ya watu isiyozidi kiasi fulani, iliyopakwa kwa rangi ubavuni, kutovuka baada ya saa nane mchana na wakati wa giza, kopo la kufulia maji na kafi la akiba, jaketi za kuazima mwaloni. Masharti hayo wanakijiji wanayajua tayari, na wazee wenye busara huyafuata bila kuandikiwa. Kuyaandika kutamsaidia zaidi yule kijana anayeshindwa kumwambia mteja au mkubwa wake kwamba mtumbwi umejaa.

Wengine watasema watu wa bwawani wahamie mjini, au barabara zijengwe, na suala la mtumbwi litajimaliza. Barabara zijengwe, bila shaka. Lakini mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, zilizojaza maziwa na mabwawa ya Afrika Mashariki nzima, zilitukumbusha kwamba ukingo wa maji haukai mahali pamoja. Maji yanapopanda na kufunika njia, kinachobaki cha kumtoa mgonjwa nyumbani ni mtumbwi ule ule.

Mume wa shangazi alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mitumbwi yote miwili ilikuwa kwa jina lake, na kabla ya arobaini haijaisha ndugu wa marehemu walikuwa wameivusha ng'ambo, pamoja na ule ulionunuliwa kwa samaki wa kukaanga. Kwa muda mrefu shangazi alilipa nauli kuvuka katika mtumbwi aliousaidia kuujenga. Hakwenda mahakamani. Alirudi kwenye kikaango chake, akauza hapa Moshi kwa misimu mitatu, na mwaka jana fundi akamuunganishia mtumbwi mwingine, mdogo, wa watu wanne. Nilikuwapo siku alipokwenda kuuandikisha. Karani, kijana mpole aliyemwamkia shikamoo mama na kumpa kiti, alifungua daftari na kumuuliza mvuvi ni nani. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akataja jina la mwanawe wa kwanza, naye karani akaliandika.